Wasifu wa Bibi aliyechuma zabibu California: niuandike kwa mpangilio gani?

Mkwe wa Fresno ameuliza:

Wanajukwaa, nawasalimu nyote, na wakubwa shikamooni. Naomba msaada katika jambo la uandishi ambalo pia ni jambo la msiba. Bibi mzaa mama wa mke wangu, mwenyeji wa jimbo la Michoacán nchini Meksiko, amefariki hapa California akiwa na umri wa miaka 83, na familia imeniomba mimi, mkwe wao kutoka Mbinga, nieleze maisha yake katika jioni ya mwisho ya novena. Wakatoliki wa Kimeksiko husali rozari nyumbani kwa marehemu kwa siku tisa mfululizo baada ya mazishi, na siku ya tisa ndiyo yenye watu wengi na chakula kingi, kama ilivyo kwetu siku ya kuanua matanga. Nitaandika kwa Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo naweza kupima uzito wa maneno yake, kisha mke wangu atafasiri kwa Kihispania sentensi moja baada ya nyingine.

Kinachonishinda ni mpangilio. Wasifu wa marehemu niliozoea kuusikia nyumbani husema marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akaajiriwa, akapandishwa cheo, akastaafu, na ameacha mjane, watoto na wajukuu kadhaa. Nilipojaribu kumwingiza Bibi katika vipengele hivyo, karatasi ilibaki nyeupe. Alisoma miaka miwili tu. Hakuwahi kushika cheo chochote, hata katika parokia yake, ingawa hakuna padre aliyehamia hapo asiyeelekezwa kwake katika wiki ya kwanza. Wengi wa waajiri wake walimjua kwa namba ya kundi la vibarua, basi. Hata hivyo, siku ya mazishi kanisa lilijaa hadi watu wakasimama uani, na wengi wao hawakuwa ndugu.

Ninayoyajua kwa uhakika ni haya. Baba yake alikuwa mmoja wa *braceros*, vibarua wa mkataba ambao Marekani iliwachukua kutoka Meksiko kuanzia mwaka 1942 hadi 1964, kwa mikataba ipatayo milioni 4.6 kwa jumla, kwa hiyo Bibi alikua akimjua baba yake kupitia barua na fedha zilizotumwa. Mwaka 1968 yeye na mumewe walivuka kuja kaskazini, wakafanya kazi katika mashamba ya saladi huko Salinas kwa miaka kadhaa, kisha wakahamia huku Bonde la Kati, ambako alichuma zabibu na fyulisi na baadaye akapanga matunda kwenye kiwanda cha kufungashia. Alipata hati za ukaazi kwa sheria ya mwaka 1986, ile iliyowahalalisha watu wapatao milioni 2.7, baada ya kukaa nchini karibu miaka ishirini akiogopa kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba. Alizaa watoto sita na kulea wengine ambao hakuwazaa.

Kwa muda wote niliomfahamu alikuwa mtunza fedha wa *tanda*, ambayo Mtanzania yeyote ataitambua mara moja kuwa ni mchezo wa upatu, na Bibi ndiye aliyekuwa kijumbe. Aliandika kila kitu katika daftari la shule. Kila mwezi Desemba jikoni kwake palikuwa na wanawake kumi na zaidi wakipaka unga wa mahindi kwenye maganda makavu ya mahindi ili kutengeneza *tamales*, na hakuna aliyeruhusiwa kuondoka na sahani yake kabla sufuria ya majirani wasio na mtu wa kuwapikia haijafunikwa na kutolewa mlangoni. Pia alikuwa mkali. Mara ya kwanza nilipomsalimia kwa kuinama kidogo alimwuliza mke wangu kama nimedondosha kitu sakafuni. Nilipomweleza kwamba kwetu bibi na mume wa mjukuu wake huruhusiwa utani, na kwamba bibi anaweza kumwita kijana huyo mume wake, alifikiri kidogo, akaanza kuniita mume wake mbele ya watu wote tangu siku hiyo, akinidai matumizi.

Jambo moja zaidi. Mjomba wa mke wangu anasisitiza niseme kwamba Bibi alitembea katika maandamano ya César Chávez, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, kutoka Delano hadi Sacramento mwaka 1966. Mwaka huo Bibi alikuwa bado Michoacán. Nifanye nini na madai hayo bila kumkosea heshima mtu aliyefiwa na mama yake? Na je, ukali wake nautaja au nauacha?

Mwalimu Mstaafu, Tanga, amejibu:

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba. Naona tatizo lako halitokani na uhaba wa habari, kwa maana katika aya zako za mwisho umeshatoa wasifu bora kuliko wengi niliowahi kuusikia. Linatokana na mpangilio ulioukopa, ambao umetengenezwa kama jalada la mwajiri: shule, ajira, cheo, kustaafu. Unamfaa karani na mkuu wa idara. Mtu aliyelipwa kwa kreti na kwa trei hana jalada, kwa hiyo usimtafute humo.

Ningekushauri uifanye kazi yenyewe iwe uti wa mgongo wa maelezo yako, mazao yakishika nafasi ya vyeo. Kila zao lina namna yake ya kumtumia binadamu, na ukiieleza namna hiyo kwa uaminifu, msikilizaji atamwona Bibi bila wewe kumwambia kwamba alikuwa mchapakazi. Chukua Salinas. Ikiwa alifika mwaka 1968 na kufanya kazi katika saladi, basi karibu ni lazima alishika *el cortito*, jembe la mpini mfupi usiozidi futi mbili, ambalo lilimlazimu mtu kuinama kuanzia alfajiri hadi jioni akipunguza miche. Wenye mashamba walidai kwamba jembe hilo huleta umakini, lakini wafanyakazi walijua faida yake nyingine kwa msimamizi: aliyenyoosha mgongo alionekana kutoka mbali kuwa amepumzika. Migongo mingi iliharibika kabisa, na mwaka 1975, baada ya kesi iliyofika Mahakama ya Juu ya jimbo, California ililipiga marufuku. Waulize watoto wake jinsi alivyoamka asubuhi, na alivyoinuka kitini alipokuwa mzee. Hapo ndipo utakapoutaja mwaka 1975, kwa sababu ni mwaka uliougusa mwili wake. Tarehe isiyomgusa iache vitabuni.

Zabibu nazo zina habari yake. Zile za kukausha huvunwa mwishoni mwa Agosti na Septemba, jua likiwa kali kupita kiasi, na kwa desturi mchumaji hukata vishada kwa kisu chenye ncha iliyopinda, akavitandaza juu ya karatasi zilizolazwa ardhini katikati ya mistari ya mizabibu, vikakaa hapo kwa wiki mbili au tatu hadi vikauke. Malipo yalihesabiwa kwa trei, yaani kwa kila karatasi iliyojazwa vishada. Vumbi, nyuki, na sukari inayoganda mikononi. Mwulize aliyefanya kazi naye kama Bibi alikuwa mwepesi au mzito, alizungumza au alinyamaza, alimsaidia aliyebaki nyuma au alimwacha. Jibu moja la namna hiyo lina thamani kuliko "mcha Mungu, mkarimu na mpenda watu", maneno ambayo yamesomwa juu ya majeneza mengi mno, mengine ya watu ambao sote tuliwajua.

Kuhusu ukali, usiuache.

Muuguzi wa San Antonio amejibu:

Pole, kaka yangu. Mimi nimeishi Texas miaka mingi nikihudumia wazee, na idadi kubwa ya wagonjwa wangu ni akina bibi wa Kimeksiko wa rika la huyo mliyempoteza, kwa hiyo nitajibu suala la maandamano, kwa kuwa nimelishuhudia katika misiba kadhaa. Watoto wanapotaka kumheshimu mama yao humwazima tukio mashuhuri. Hapa San Antonio kila familia ina bibi anayedaiwa kuwa alisimama bega kwa bega na kiongozi wa wafanyakazi Emma Tenayuca mwaka 1938, katika mgomo wa wabanguaji wa njugu za pekani, ambapo wafanyakazi wapatao elfu kumi na mbili waliacha kazi, wengi wao wanawake, baada ya ujira wao kupunguzwa. Baadhi walikuwepo kweli. Wengine walikuwa bado hawajazaliwa.

Maandamano ya Delano yalianza katikati ya Machi 1966 yakafika Sacramento siku ya Pasaka, na waliotembea safari nzima tangu mwanzo hadi mwisho walikuwa wachache. Katika chumba chenye wazee wa Bonde la Kati kutakuwa na angalau mmoja anayekumbuka, na uongo utamtoka mjomba na kumkalia Bibi. Lakini usimpinge mjomba hadharani. Mwendee faraghani, umwombe akuambie Bibi alifanya nini mwaka 1970, kwa kuwa mwezi Agosti mwaka huo ndipo Salinas ilipopata mgomo mkubwa, baada ya wenye mashamba kusaini mikataba na Teamsters, chama cha madereva wa malori, bila kuwauliza wafanyakazi. Wakati huo Bibi alikuwa hapo hapo. Inawezekana familia imehamisha kumbukumbu ya kweli kutoka mwaka mmoja kwenda mwingine, kutoka mgomo usiotajwa sana kwenda maandamano yanayotajwa mno.

Tena, harakati zile zilisimama juu ya wanawake ambao hawakuonekana barabarani. Helen Chávez, mke wa César, alifanya kazi mashambani ili watoto wale wakati mumewe akiandikisha wanachama, kisha kwa miaka mingi akashika hesabu za chama cha akiba na mikopo cha wafanyakazi wa mashambani. Mama yake Dolores Huerta, Alicia, alikuwa na hoteli huko Stockton na aliwapokea vibarua wasio na uwezo kwa bei ndogo au bila malipo. Felicitas Mendez, mzaliwa wa Puerto Rico, aliendesha shamba la mboga ya asparaga huko Westminster wakati mumewe Gonzalo akihangaikia kesi dhidi ya shule zilizowatenga watoto wa Kimeksiko, kesi waliyoshinda mwaka 1946 na tena katika rufaa mwaka 1947, miaka saba kabla ya hukumu maarufu ya Brown iliyopiga marufuku ubaguzi wa rangi katika shule za umma za Marekani. Kwa miaka mingi jina lililotajwa lilikuwa la mume. Bibi yenu akiwa kijumbe wa upatu yumo katika kundi hilo, na hahitaji kutembezwa hadi Sacramento.

Mtunza Hazina, Nakuru, amejibu:

Poleni sana. Nimekuwa mweka hazina wa chama cha akina mama hapa kwetu, na jicho langu limetua kwenye lile daftari. Nakusihi ulisome kabla ya jioni ya tisa, ukiwa na mama mkwe wako kando, wala usilisome peke yako. Daftari la namna hiyo halina fedha tu. Utaona nani alipewa zamu ya mtu mwingine kwa sababu mtoto alilazwa, nani alikosa kuchanga miezi mitatu na bado jina lake halikukatwa, na ni mara ngapi kijumbe mwenyewe alijiweka wa mwisho. Mchezo huu hauna mkataba wala mahakama. Anayepokea mwanzo anaweza kutoroka, na kinachomzuia ni sura ya yule anayekusanya. Kwa mtu asiye na hati za ukaazi, ambaye benki ilimtisha, mchango wa tanda ndio uliolipa amana ya nyumba, gari bovu la kwendea shambani na nauli ya kurudisha maiti Meksiko.

Ila usitaje jina la mtu wala kiasi chake. Waliomo ndani ya daftari wengine watakuwa wameketi mbele yako wakila, na wengine hawajawaambia waume zao. Sema tu daftari lilianza mwaka gani na lilifika ukurasa wa mwisho au la. Na jambo ambalo halihusiani na wasifu lakini haliwezi kusubiri: ikiwa mzunguko ulikuwa haujakamilika Bibi alipofariki, familia itangaze nani anaushika, kabla wageni hawajatawanyika.

Mkwe wa Fresno amejibu:

Nawashukuru sana. Nimefanya kama mlivyoelekeza, na nimepata mengi kuliko nilivyotegemea, hata nyumba imegeuka kuwa mahali pa mahojiano kati ya rozari na chakula.

Mjomba alinyamaza kidogo nilipomwuliza kuhusu mwaka 1970, halafu akasema kwamba alikuwa mtoto na anachokumbuka ni maharage. Mzee mmoja aliyefanya kazi Salinas na babu alikamilisha habari hiyo. Mgomo ulipoanza, babu alikataa kuvuka mstari wa wagomaji, na Bibi akawa anapika maharage na *tortillas* kwa ajili ya waliosimama kwenye kingo za mashamba na bendera nyekundu zenye tai mweusi. Lakini mzee huyo aliongeza, bila kuulizwa, kwamba Bibi alirudi kazini kabla mambo hayajatulia, kwa sababu kodi ya nyumba ilikuwa imefika na mtoto wa tatu alikuwa mgonjwa, na kwamba babu alikaa siku kadhaa bila kusema naye. Mjomba anataka habari ya maharage tu. Mama mkwe anataka zote mbili, kwa kuwa yule mtoto wa tatu ni yeye.

Mgongo nao umethibitika. Alilala chali sakafuni kila jioni kabla ya kupika, na watoto walikatazwa kumwamsha hadi sindano ndefu ya saa ifike mahali fulani. Kuhusu zabibu, mwanamke aliyechuma naye ameniambia kwamba Bibi alikuwa mwepesi, na alipomaliza mstari wake aliingia kwenye mstari wa mtu mwingine akianzia mwisho wa pili, wakakutana katikati. Ila hakumfanyia hivyo mvivu, na aliyejifanya mgonjwa alimsema mbele ya wote.

Nimepata pia jambo ambalo sikulijua kabisa, la maji. Katika kijiji walichohamia, visima vilikuwa na kemikali ya naitreti kwa wingi kutokana na mbolea za mashambani na samadi ya ng'ombe wa maziwa, na naitreti ni hatari hasa kwa watoto wachanga. Watu walikuwa wakilipia maji ya bomba wasiyoweza kuyanywa, halafu wananunua mengine dukani. Bibi alianza kwa kuwabebea mitungi akina mama waliojifungua, akiwa na umri ambao mwingine angebebewa yeye. Baadaye akawa anahudhuria mikutano ya bodi ya maji iliyoendeshwa kwa Kiingereza tupu, akiketi mstari wa mbele na mjukuu wa kumfasiria, hadi bodi ikalazimika kuleta mkalimani kwa kuwa mjukuu alikuwa akichoka na Bibi hachoki. Mjukuu huyo ndiye mke wangu, na hakuwahi kunisimulia, eti aliona ni jambo la kawaida. Sheria ya California iliyotamka kwamba maji salama ni haki ya binadamu ilipitishwa mwaka 2012, na mfuko wa kusaidia vijiji kama hivyo, wa hadi dola milioni 130 kwa mwaka, ukaanzishwa mwaka 2019. Simwambii mtu kwamba Bibi alizileta sheria hizo. Nitasema alikuwa mstari wa mbele katika ukumbi wa kijiji chake, na kwamba alikufa bado akichemsha maji kwa mazoea, ingawa kuchemsha hakuondoi naitreti na alishaambiwa mara nyingi.

Mwanzo wangu wa sasa unasomeka hivi: "Mama yetu na bibi yetu alipimwa kwa trei, kwa kreti na kwa mstari, na leo nitamweleza kwa vipimo hivyo hivyo. Alifika Salinas mwaka 1968, akapewa jembe fupi kuliko mkono wake uliokunjuliwa mara mbili, akainama miaka saba hadi sheria ilipolikataza. Hakuchoka kamwe." Naomba mlipitie.

Mwalimu Mstaafu, Tanga, amejibu:

Sentensi ya kwanza iache ilivyo. "Fupi kuliko mkono wake uliokunjuliwa mara mbili" haieleweki, na mkeo atahangaika kuitoa kwa Kihispania. Sema jembe ambalo mpini wake haukufika gotini mwa mtu aliyesimama, kila mmoja ataliona. Sentensi ya mwisho ifute, kwa kuwa aliyekuwa akilala sakafuni kila jioni alichoka, na wewe mwenyewe umetueleza. Badala yake weka sakafu, weka saa, weka watoto waliokatazwa kupiga kelele. Watoto hao sasa ni watu wazima na watakuwa mbele yako.

Habari ya mgomo iseme yote, maharage na kodi, kwa mpangilio ule ule ulioletwa na yule mzee. Usimtetee Bibi wala usimlaumu, wala usiongeze neno "lakini" kati ya sehemu hizo mbili. Mjomba ataridhika ukimpa heshima ya kumtaja kuwa ndiye aliyekumbuka harufu ya maharage. Ndicho anachokimiliki kweli katika habari hiyo. Ile ya kuchemsha maji usiiondoe kwa hali yoyote.

Mtani wa Songea amejibu:

Shikamoo Mwalimu, na pole sana ndugu yangu wa Mbinga. Nimesoma yote nikisubiri mtu azungumzie utani, naona mmeuruka. Kwetu msibani watani wana kazi yao inayotambulika, na wewe kwa Bibi huyu ulikuwa mume wa utani kwa idhini yake mwenyewe, tena akikudai matumizi. Una haki ya mzaha mmoja. Lakini kumbuka kwamba watakaokuwa pale hawajui mila hiyo, na mzaha usioeleweka katika rozari ya marehemu utaonekana utovu wa adabu wa mgeni. Kwa hiyo uanze kwa kueleza desturi kwa sentensi moja, useme yeye aliikubali, ndipo udai. Na umwombe mama mkwe ruhusa kwanza, siyo mkeo, maana mkeo ni mke mwenza katika kesi hii na hawezi kuamua kwa haki.

Mkwe wa Fresno amejibu:

Nimerekebisha kama Mwalimu alivyoelekeza, na "hakuchoka kamwe" imeondoka. Mjomba amekubali maharage yawe yake. Kuhusu mzunguko wa tanda, dada yake mama mkwe ndiye aliyeachiwa, na atatangaza mwenyewe kabla ya chakula; kwenye daftari bado yamebaki majina manne ambayo hayajapokea, na la mwisho ni la Bibi, kwa hiyo familia imeamua zamu hiyo iende kulipia misa.

Mama mkwe ameruhusu mzaha mmoja. Nitasema kwamba marehemu alikuwa mke wangu wa kwanza katika nchi hii, kwamba nilimlipa matumizi kwa kubeba mitungi, na kwamba hadi anafariki alikuwa anasema salio halijafungwa. Mke wangu amekataa kuifasiri sehemu hiyo, hivyo itafasiriwa na mama yake. Nitasoma mara baada ya tendo la tano la rozari, kwa dakika zisizozidi kumi pamoja na tafsiri, kwa kuwa wanawake wa jikoni wametuma ujumbe kwamba *tamales* zitakuwa tayari na hawatamsubiri mtu yeyote.